Upendeleo wa Kila Siku Visiwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwenye vikao vya skuli, vya barazani na vya vikundi vya kina mama, Unguja na Pemba. Nimeyaacha na makali yake, kama yalivyoulizwa. Majibu ni ya mtu mmoja, mzaliwa wa Wete, Pemba, anayeishi Ng'ambo, mitaa ya mjini Unguja nje ya Mji Mkongwe, kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba mjibuji naye ana kwao.

Mnaposema upendeleo, mnamaanisha ubaguzi?

Si lazima. Ubaguzi kila mtu anaujua ukipita: mtu katukanwa, kafukuzwa, kanyimwa haki yake mchana kweupe. Huo hata Katiba ya Zanzibar ya 1984 imeukataza, katika kifungu cha 12: mtu asibaguliwe kwa kabila, mahali alikotoka, maoni ya kisiasa, rangi, dini wala jinsia yake. Upendeleo wa kila siku hauna kelele. Ni kumuamini mmoja kabla hajafungua mdomo, na kumtilia shaka mwengine kabla hajakosa. Mwenye nao hajioni mbaya. Mara nyingi anajiona mwangalifu.

Kwa sababu hiyo vikaoni hatumuulizi mtu moyoni mwake mna nini, maana kila mtu atasema moyo wake mweupe. Tunamuuliza ulipokuwa na kitu cha kugawa, ulimpa nani? Chumba cha kukodisha, nafasi ya kazi, mkopo wa dukani, mualiko wa harusi, binti wa kuposwa. Upendeleo hujitokeza kwenye mgao.

Zanzibar ni ya mchanganyiko tangu enzi. Haya si mambo ya Ulaya na Marekani?

Mchanganyiko ni kweli, tena wa kujivunia. Ukizunguka Mji Mkongwe kwa miguu utapita misikiti ya Kisunni na ya Kiibadhi, ya Ithnaasheri, jamatkhana ya Ismailia, hekalu la Wahindi la Hurumzi, kanisa la Minara Miwili, na lile la Mkunazini lililojengwa pale palipokuwa na soko la watumwa, baada ya soko hilo kufungwa 1873. Makunduchi kila Julai watu wanasherehekea Mwaka Kogwa, sherehe inayonasibishwa na Nairuz ya Waajemi. Vijana nao hawakosi kunikumbusha kwamba Freddie Mercury alizaliwa hapa 1946, mtoto wa Kiparsi, kwa jina la Farrokh Bulsara.

Lakini kuishi ukuta kwa ukuta ni jambo moja, na kuonana sawa ni jambo jengine. Utumwa ulifutwa kisheria hapa 1897, na baada ya hapo nasaba iliendelea kuulizwa kwenye posa, kwenye safu za msikitini na kwenye nani aanze kupewa kahawa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iligawa chakula cha mgao kwa kufuata kundi ambalo mtu kaandikishwa. Hebu fikiria: mchele wa nyumbani kwako unategemea karani kakuandika nani. Watu wakawa na sababu ya msingi ya kujiita hivi na si vile, na majina ambayo zamani mtu aliweza kuwa nayo mawili matatu kwa pamoja yakaanza kuwa mipaka. Siasa za kuanzia 1957 zikayachukua majina hayohayo, na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakaja na vifo na safari zisizo na kurudi, khasa kwa wenye asili ya Kiarabu na Kihindi. Nyumba nyingi za visiwa hivi, za kila upande, zina habari ambayo haisimuliwi mbele ya wageni.

Kwa hiyo anayesema mambo haya yameletwa juzi na watu wa mashirika wenye flipchati ananichekesha kidogo. Kilichokuja juzi ni flipchati.

"Wewe wa wapi?" Na hili nalo sasa ni kosa?

Hapana. Kwetu kuuliza mtu mwana wa nani, mtaa gani, kwao wapi, ni sehemu ya salamu, na asiyeuliza huonekana ana kiburi. Watu wawili wa Pemba wakikutana Darajani, baada ya dakika tano wameshapata shangazi wa pamoja. Huo ni wema. La kuangalia ni kinachofuata baada ya jibu.

Dalali mmoja alikuwa na mteja mkononi, mwalimu kijana aliyehamia kutoka bara, wamesimama nje ya nyumba yenye chumba kitupu. Akampigia mwenye nyumba.

"Bi Mkubwa, shikamoo. Nimekupatia mpangaji, mwalimu, mtu mtaratibu, hana makelele."

"Marahaba. Kwao wapi?"

"Bara, lakini ana barua ya skuli na..."

"Ah, hapana mwanangu. Mwambie imeshachukuliwa."

Dalali akakata simu, akamgeukia mteja: "Dada yangu, bahati mbaya, imeshachukuliwa." Simu ilikuwa ya zile zinazosikika mpaka dirisha la jirani. Dada akasema "haya, ahsante," akaweka mkoba begani.

Bi Mkubwa huyo si mtu mbaya. Ramadhani ikiingia, sahani zake za futari zinafika kwa majirani wote bila ya kuuliza kabila. Ila aliwahi kuwa na mpangaji kutoka bara aliyeondoka usiku na kodi yake. Na hapo ndipo pa kutazama vizuri. Mpangaji yule angekuwa wa Mkoani, Pemba, Bi Mkubwa angesema "kijana yule mhuni" na mambo yakaisha. Kwa kuwa alitoka bara, akasema "wabara ndivyo walivyo." Kosa la wetu linabaki kuwa lake mwenyewe, na kosa la mgeni linagawiwa kwao wote. Ukitaka kujikamata na upendeleo, jisikilize wakati mtu anapokukosea.

Wapemba wenye maduka Dar es Salaam wanalijua hili kutokea upande wa pili. Mtu anauza duka miaka kumi, anakopesha mtaa mzima, na bado anaitwa "Mpemba", si kwa jina alilopewa na baba yake.

Mwenye nyumba anayeogopa kutolipwa ana haki ya kuogopa. Atake malipo ya miezi kadhaa mbele, atake mdhamini, aandikishane kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Lakini atake hivyohivyo kwa mtoto wa jirani yake.

Utani wetu kuhusu Wapemba, Watumbatu na watu wa Makunduchi nao tuuache?

Visiwa hivi bila ya utani havikaliki, na mimi sitaki kuwa mtu wa kwanza kupendekeza. Utani wa kweli una masharti yake ya zamani: unanitania, nakutania, tunacheka sote, na siku ya msiba ni wewe utakayekuwa wa kwanza kuja. Haukui kwenye chuki.

Shida inaanza pale mmoja anapokuwa peke yake. Mtumbatu mmoja katika ofisi ya watu wa mjini, kila siku anaulizwa hirizi zake kaziweka wapi. Anacheka. Atafanya nini? Akinuna ataambiwa hana mzaha. Vivyo hivyo na habari za uchawi wa Pemba: ukimsimulia mwenzako wa Pemba na yeye akakujibu kwa lake, ni utani; lakini mtumishi akipangiwa kazi Pemba na jamaa zake wakampa pole badala ya hongera, hapo utani umeshakuwa sera ya nyumbani. Huyo mtumishi atashuka Mkoani na moyo mzito, na watakaopata taabu ni wagonjwa au wanafunzi wake.

Nina kipimo kimoja tu. Je, mzaha huo unaweza kuusema mbele ya mama yake huyo mtu?

Na lahaja? Mtoto wangu anachekwa skuli kwa anavyosema.

Hapa sina upole. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini, na kamati ya lugha iliyoundwa 1930 kwa nchi za Afrika Mashariki ndiyo iliyokikuza vitabuni. Ulikuwa uamuzi wa watu, kwa sababu za utawala na uchapaji. Haukusema kwamba Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba ni Kiswahili kilichoharibika. Zote hizo ni lahaja zenye sarufi kamili na mashairi yake.

Mwalimu ana wajibu wa kumfundisha mtoto wa Micheweni kuandika kisanifu, kwa sababu mtihani uko hivyo. Hana wajibu wa kulichekesha darasa kwa ulimi wa mtoto. Mzazi aende skuli, akae na mwalimu kwa adabu, aseme hivi: "Mwalimu, mwanangu anachekwa kwa lugha ya nyumbani kwetu, naomba uniambie darasani hushughulikiwa vipi." Akitoka bila jibu, aende kwa mwalimu mkuu. Mtoto anayechekwa mwaka mzima hujifunza jambo moja kwa ufasaha, nalo ni kunyamaza.

Wabara wanachukua kazi zetu mahotelini. Huo ni upendeleo au ukweli?

Swali hili huulizwa kila kikao, na kwa hasira, na hasira ina mizizi. Kijana wa Nungwi au Paje anaona hoteli zimejipanga ufukweni pale babu yake alipokuwa akianika dagaa, na waliovaa sare za mapokezi wametoka Arusha au Mombasa. Kumwambia "usiwe na chuki" ni kumdharau.

Lakini tutenganishe. Ukisema "ajira za hapa ziwape nafasi kwanza wenyeji, na wafundishwe," hiyo ni hoja ya sera, ina majibu yake na mabishano yake. Ukisema "wabara wezi, wahuni," umeshamhukumu mpishi ambaye hujawahi kuonana naye, na ambaye kosa lake ni kuomba kazi iliyotangazwa. Yapo pia majina tunayowaita, ya dharau, na kila anayesoma hapa anayajua.

Upande wa pili wa dawati kuna upendeleo mwengine. Meneja anasema Wazanzibari wavivu, wasichana wao hawataki kuhudumia baa, mwezi wa Ramadhani hawafai. Kwa hiyo barua ikija na jina la Kiislamu na anwani ya shamba, anaiweka chini ya nyengine. Jambo kama hili limepimwa nje. Watafiti wawili wa Marekani walituma maombi ya kazi yaliyobuniwa, karibu 5,000, kwa waajiri wa Boston na Chicago, na matokeo yakachapishwa 2004. Sifa za waombaji zililingana, kilichobadilishwa ni majina. Yaliyosikika kama ya Wazungu yaliitwa kwa usaili kwa asilimia 50 zaidi ya yale yaliyosikika kama ya Wamarekani Weusi. Hakuna mwajiri hata mmoja kati yao aliyeandika mlangoni kwamba anabagua.

Hayo ni ya kwao. Lakini kwetu jina linasema mengi kuliko Chicago. Tukisoma Hamad au Kombo tunadhani Pemba, tukisoma Pandu au Vuai tunadhani Unguja, tukisoma Joseph tunadhani bara, na wakati mwengine tunakosea yote matatu. Mwenye ofisi anaweza kufanya mambo mawili yasiyo na gharama: karani azibe majina na anwani kabla barua hazijasomwa, na maswali ya usaili yaandikwe mapema, yawe yaleyale kwa kila anayeingia. Nimeona mabosi wakilipinga la kwanza kwa nguvu zote. Wanasema "sisi hapa tunajuana." Naam, ndilo tatizo lenyewe.

Ramadhani tunaficha chakula mchana. Je, huo si upendeleo dhidi ya wasiofunga?

Kujizuia kula hadharani ni adabu ya mahali, na Wakristo wengi waliozaliwa hapa wanaifuata bila ya kuambiwa. Kinachoumiza wengi wao si hicho. Kinachoumiza ni kuulizwa "mmekuja lini Zanzibar?" Mbweni ilikuwa makaazi ya watumwa walioachwa huru, chini ya wamisionari wa Kianglikana, tangu miaka ya 1870. Wako watu ambao babu zao wamezikwa huko kabla ya nyumba nyingi za Ng'ambo kujengwa. Mkristo wa Unguja anaweza kuwa mwenyeji kuliko anayemuuliza.

Kazini, panga chumba kimoja chenye mlango wa kufunga kwa wasiofunga, wakiwemo wagonjwa na wajawazito wa Kiislamu, na mjadala utakwisha siku hiyohiyo.

Wazee wanasema bibi harusi lazima awe mweupe mwenye nywele za singa. Hilo si suala la ladha tu?

Ladha hazianguki kutoka mbinguni. Nchi ambayo kwa miaka mingi rangi iliendana na nani anamiliki mashamba na nani anayalima, ladha zake zitafanana na hati za mashamba. Matokeo yako kwenye maduka ya vipodozi: mkorogo unauzwa, ngozi za wasichana zinaungua.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba mnamo 1880, katika familia maskini yenye asili ya utumwa, akaingia mjini akiuza vyungu. Mahasidi wake walimsema kwa sura na kwa nasaba. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi, na sahani zake za santuri zikasikika pwani yote ya Afrika Mashariki. Waliomsema sura hakuna anayewakumbuka majina.

Wanawake nao wamo katika habari hii?

Wamo sana. Kilimo cha mwani kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 pwani ya mashariki ya Unguja, na tangu hapo walio majini, na maji yakiwa kiunoni, wengi wao ni wanawake. Ukiitishwa mkutano wa kijiji juu ya ufukwe, tazama nani kakaa mbele na nani anaongea. Sheha anayetaka sauti zao aanze na wao kuongea kabla ya wanaume, na mkutano asiuweke wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka na wao wako mashambani mwao.

Watu wenye ulemavu na wenye ualbino?

Waite kwa majina yao. Zungumza na mwenyewe, si na aliyemsindikiza. Duka likiwa na ngazi tatu na huna njia ya kiti cha magurudumu, umeshachagua wateja, hata kama hukukusudia.

Siasa je? Ukijulikana unatoka Pemba, chama chako kimeshajulikana.

Hili wengi wanalikwepa, kwa hiyo nalo tuliseme. Katika miaka ya tisini na baada yake, kulikuwa na vijiji ambako watu wa vyama tofauti hawakuuziana dukani, hawakusali pamoja, na hata mazishini hawakuhudhuriana. Ndugu wa tumbo moja. Maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Amani Karume, Rais wa Zanzibar wa wakati huo, na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa upinzani, na kura ya maoni ya 31 Julai 2010 ambapo asilimia 66 walikubali serikali ya umoja wa kitaifa, yalilegeza mambo. Sikusema yaliyamaliza.

Anayekuchukulia chama chako kwa ubini wako anafanya kile kile cha karani wa mgao. Ukiwa ofisi ya umma na mtu kaja kwa cheti cha kuzaliwa, hapo huna haja ya kujua anapigia nani kura, na ukiona unajaribu kukisia, jua kuna kitu unakaribia kukigawa vibaya.

Kuna jaribio kwenye intaneti la kupima upendeleo uliofichika. Nilifanye?

Lifanye kama unapenda. Lilitolewa na wanasaikolojia wa Marekani 1998, na hupima kasi yako ya kuoanisha picha na maneno. Lakini mtu huyohuyo akilirudia siku nyengine anaweza kupata matokeo tofauti, kwa hiyo lisikufanye ulale na huzuni wala ulale na majivuno. Mimi hupendelea daftari. Andika vitu vitano vya mwisho ulivyogawa, na aliyepata, na kwa nini. Wenye maduka hufungua daftari la mikopo, wakatazama nani hukopeshwa bila kuulizwa. Wengi hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Mzee wangu anasema maneno ya dharau mbele ya watu. Nimkatize?

Usimkatize mbele ya watu. Utamvunjia heshima, na kikao kizima kitahama kutoka kwenye neno lake kwenda kwenye adabu yako. Msubiri mkiwa wawili, msalimu vizuri, kisha uliza: "Babu, yule jamaa mliyekuwa mkimzungumza jana, kwani amekukosea nini?" Mara nyingi hana kosa la kutaja. Mwache alitafute. Ikiwa aliyesemwa alikuwepo palepale, nenda kwake siku hiyohiyo ukamsalimu, akae akijua si nyumba nzima iliyosema.

Kuwachanganya watu pamoja hakutoshi?

Kungetosha, daladala zingeshatumalizia tatizo. Mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza 1954 kwamba kukutana hupunguza chuki pale watu wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kushirikiana, na wakubwa wanaounga mkono. Mwenye nyumba na msaidizi wake wa kazi wanakutana kila siku, na wanaweza kukutana hivyo miaka ishirini. Upatu wa kina mama ambao kila mmoja anatoa sawa na anapokea kwa zamu una sharti zote. Timu ya mpira pia, mradi kocha asiwe na watoto wake.

Watoto waanze kufundishwa lini?

Mapema, lakini si kwa mihadhara. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel na wenzake, huko Bristol, Uingereza, waliwagawa wavulana wa skuli kwa sababu isiyo na maana yoyote, kwa mfano nani kapenda mchoro wa msanii gani. Walipopewa fedha za kugawa, wavulana waliwapendelea wa kundi lao, watu ambao hata hawakuwajua. Kundi likitajwa tu, mgao unapinda.

Kwa mwalimu wa darasa la pili maana yake ni hii: usiwape makundi ya kudumu. Yabadilishe kila wiki. Zamu ya kugawa madaftari izunguke, na anayegawa awe wa mwisho kupokea. Usiulize darasani nani wa kabila gani, hata kwa mchezo. Na mtoto akirudi nyumbani na jina la kubandikana alilolipata njiani, usimpige. Muulize kalisikia kwa nani, halafu uwe tayari kusikia jina la mjomba wako.